Pole ya Siku Moja Haitoshi: Historia Fupi ya Kuwatunza Walionusurika na Ajali



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi mtasoma habari za hisa, za mikopo, za ada za watoto na za sanduku letu lenye kufuli tatu. Sisi tuliopewa kazi ya ukurasa wa historia tumeombwa tueleze jambo moja ambalo wageni huliuliza kila wakiisoma katiba yetu. Wanauliza hivi: kwa nini mfuko wenu wa jamii una kifungu kinachosema mwanachama aliyepata ajali ya chombo cha usafiri, au aliyefiwa kwa ajali, atatembelewa kwa mwaka mzima, hata kama yeye mwenyewe hakuvunjika mfupa wowote?

Wengine wakiuliza hucheka kidogo. Mwaka mzima jamani? Mtu si keshapona?

Jibu lake ni refu. Linaanzia hapa kwetu ziwani, kisha linapita nchi za mbali, halafu linarudi tena kwenye mkeka wetu wa Jumamosi. Tunaomba mtuvumilie.

TULIYOYAONA ZIWANI

Hapa Mwanza hakuna mtu mzima asiyejua tarehe 21 Mei 1996. Asubuhi ile meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia bandari ya Kemondo usiku, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 430, lakini waliopanda walikuwa wengi mno kuliko hao. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, na kwa sababu hiyo idadi kamili ya waliokufa haikujulikana kwa uhakika. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 800 na 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo ya kitaifa, na wengi wa marehemu wakazikwa Igoma, ambako hadi leo watu hukusanyika kuwakumbuka.

Wengi wetu wakati ule tulikuwa wasichana, wengine watoto wadogo wa kubebwa. Tunachokumbuka ni foleni za watu wakitafuta maiti za ndugu zao, majeneza, na kina mama waliolia mpaka sauti ikakauka. Baada ya hapo matanga yaliondolewa, jamaa wakarudi makwao, na maisha yakaendelea. Lakini hayakuendelea kwa wote. Katika mitaa yetu walikuwepo watu waliotoka majini wazima, bila jeraha, ambao hawakuweza tena kuusogelea mwalo. Yupo mzee aliyekuwa akisikia mtu anagonga bati, anainuka na kutoka nje. Kumbukeni kwamba siku ile waliokuwa wamenaswa ndani ya meli iliyopinduka walisikika wakigonga kutoka ndani. Watu mtaani walisema yule mzee ameingiwa na wazimu. Wengine walisema ana mashetani ya ziwa. Hakuna aliyesema kwamba anaumwa kutokana na ajali, maana mwilini hakuwa na kovu.

Wahenga walikwisha kusema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo tuliijua sote. Ila tuliitumia kumtania mtu mwoga, hatukuitumia kumtibu.

JINSI MSHTUKO ULIVYOPATA JINA

Tusidhani kuwa ni sisi peke yetu tuliochelewa. Hata huko vyombo vya moto vilikoanzia, watu walibishana miaka mingi kuhusu jambo hilohilo.

Tarehe 9 Juni 1865 treni ilianguka darajani huko Staplehurst, kusini mwa Uingereza, kwa sababu mafundi walikuwa wameng'oa reli kwa matengenezo. Watu 10 walikufa na wapatao 40 waliumia. Ndani ya treni hiyo alikuwemo mwandishi mashuhuri Charles Dickens. Yeye hakuumia. Aliteremka bondeni akawahudumia majeruhi, akiwachotea maji kwa kofia yake. Lakini baadaye alianza kutetemeka, na kwa miaka iliyobaki safari ya treni ilikuwa mateso kwake. Treni ikienda kasi alishikwa na hofu kubwa ghafla, na mara nyingine alilazimika kushuka njiani. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, miaka 5 kamili tangu ajali ile.

Mwaka 1866, yaani mwaka mmoja tu baada ya Staplehurst, daktari wa upasuaji wa London aitwaye John Eric Erichsen alichapisha kitabu kuhusu abiria wa namna hiyo. Hawa walitoka kwenye ajali wakitembea, kisha wakapoteza usingizi, nguvu na kumbukumbu. Yeye aliona kuwa uti wa mgongo umetikisika. Makampuni ya reli hayakupenda maelezo hayo, kwa sababu majeruhi walianza kudai fidia mahakamani. Mwaka 1883 daktari mwingine, Herbert Page, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni moja ya reli, akajibu kwamba tatizo si uti wa mgongo. Alisema hofu peke yake inatosha kumwangusha mtu.

Tazameni mambo yalivyo. Ubishi ulikuwa wa fedha, lakini katikati yake ukatoka ukweli mkubwa, kwamba hofu ni jeraha. Hata hivyo ilichukua karibu miaka 100 zaidi, na vita kubwa mbili, na askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam na kupiga kelele wasikilizwe, ndipo mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipouingiza ugonjwa huu rasmi katika orodha yake. Kwa Kiswahili siku hizi wataalamu huuita kiwewe, au msongo baada ya kiwewe.

Dalili zake ni hizi, na sisi tumezibandika ndani ya mfuniko wa sanduku letu. Tukio hurudi kichwani bila kuitwa, mchana au ndotoni. Mtu hukwepa mahali, chombo, hata mazungumzo yanayomkumbusha. Anashtuka upesi, hasinzii vizuri, hasira ziko karibu. Na moyo unakufa ganzi, hata mtoto wake mwenyewe anamtazama kama yuko mbali.

Katika siku na wiki za mwanzo mambo hayo ni ya kawaida, na mtu asiambiwe kuwa ni mgonjwa. Walio wengi hupata nafuu kidogo kidogo bila dawa. Wanaohitaji mganga ni wale ambao mwezi umepita na hali haipungui, au inazidi.

SOMO LA KUZUNGUMZISHWA MARA MOJA

Baada ya ugonjwa kupata jina, watu waliharakisha kutafuta dawa, na hapa ndipo pana somo kubwa kwetu.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Jeffrey Mitchell, alieleza utaratibu wa kuwakusanya wazimamoto na watu wa magari ya wagonjwa baada ya tukio baya, ili kila mmoja asimulie alichokiona na alivyojisikia. Utaratibu huo ulienea duniani kote. Ukageuzwa kuwa dawa ya kila mtu. Ajali ikitokea, washauri wanaletwa, majeruhi anaketishwa saa moja au mbili, anaambiwa asimulie yote, kisha washauri wanaondoka zao. Ilionekana ni wema mtupu. Nani angeupinga?

Basi huko Oxford, Uingereza, watafiti wakawafuatilia watu waliolazwa hospitali kwa ajali za barabarani. Baadhi walizungumzishwa mara moja kwa namna hiyo, wengine hawakuzungumzishwa. Matokeo ya baada ya miaka 3 yalichapishwa mwaka 2000. Waliozungumzishwa hawakuwa na nafuu zaidi, bali hali yao ilikuwa mbaya kuliko wenzao. Hasa wale waliokuwa na hofu kali mwanzoni. Walioachwa bila kulazimishwa kusimulia walipungukiwa na hofu, na waliosimulishwa walibaki nayo. Uchunguzi mwingine uliokusanya tafiti nyingi pamoja nao ukaonyesha kuwa kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa. Siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri tena kutumia njia hiyo.

Jamani, hatusemi kuongea ni kubaya. Hata kidogo. Kilichoonekana kuwa kibaya ni kumfungua mtu kidonda siku ambayo bado kinavuja damu, kisha kumwacha nacho. Kusimulia kunaponya pale mwenyewe anapokuwa tayari, mahali salama, mara kwa mara, na mbele ya mtu ambaye kesho atakuwepo.

Badala yake, mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao hata mtu asiyesoma udaktari anaweza kuufuata. Una mambo matatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Unaangalia nani yuko hatarini na nani amechanganyikiwa. Unasikiliza anachotaka kusema, bila kumdadisi asichotaka. Unamuunganisha na ndugu zake, chakula, simu, hospitali, mahali pa kulala. Kina mama wenzetu, mkitazama vizuri mtaona ni kazi ambayo mwanamke jirani hodari ameifanya siku zote.

WALIOBAKI BILA KABURI

Ajali za majini zina uchungu wake mwingine, nao ni kukosa mwili wa kuzika.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Wavuvi na wananchi wa Nungwi waliokoa mamia ya watu, wengine wakiwa wameng'ang'ania magodoro. Miili iliyopatikana ilikuwa zaidi kidogo ya 200. Lakini tume ya uchunguzi, ilipotoa taarifa mwaka 2012, ilionyesha kuwa watu zaidi ya 1,000 hawakuonekana kabisa.

Fikirini nyumba moja kati ya hizo. Mama hajui kama ni mjane au la. Aanze eda lini? Atoe nguo za mumewe? Simu ikilia usiku, moyo unaruka. Profesa mmoja wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za askari waliopotea vitani, na akaona kuwa huzuni ya namna hii ni tofauti na nyingine. Haina mwisho wala mwanzo, na anayeibeba si mgonjwa ila hali yenyewe ndiyo isiyoeleweka. Shauri lake ni kwamba tusimlazimishe mtu kukata tamaa, wala tusimpe matumaini ya uongo. Tumsaidie kuishi na mambo yote mawili kwa pamoja.

Dini zetu zinasaidia hapo. Waislamu wana sala ya ghaibu, na Wakristo wana ibada ya kumwombea marehemu hata kama jeneza halipo. Na sisi wa ziwani tunajua jinsi maua yanavyotupwa majini. Mambo hayo si ya kujionyesha, bali yanampa aliyefiwa siku ya kuhesabia.

Miaka 7 baadaye ikawa zamu ya kwetu tena. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Watu 228 walikufa na 41 waliokolewa. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku mbili baadaye akatolewa fundi wa kivuko akiwa hai, aliyekuwa amejibanza mahali palipobaki hewa. Rais John Magufuli alitangaza siku 4 za maombolezo. Ukara ni kisiwa kidogo, na siku ile ilikuwa ya gulio. Karibu kila ukoo uliguswa. Katika mahali kama hapo nani atampa pole mwenzake, wakati wote ni wafiwa?

Hilo ndilo swali lililotufanya tukae chini. Wakati ule baadhi yetu tulikuwa na ndugu Ukerewe. Tuliporudi kutoka huko tulijiuliza: sisi tukipatwa, nani atabaki wiki ya pili?

WATOTO NA WAOKOAJI WASISAHAULIWE

Kuna makundi mawili yanayosahaulika upesi.

La kwanza ni watoto. Mwaka 1988 meli ya Jupiter, iliyokuwa imebeba wanafunzi wa Uingereza wapatao 400 kwenye safari ya masomo, iligongwa na kuzama karibu na bandari ya Piraeus, Ugiriki. Karibu wote waliokolewa. Wazazi walishukuru Mungu, walimu wakataka masomo yaendelee. Profesa William Yule na wenzake walipowachunguza watoto wale, waligundua kuwa karibu nusu yao walipata kiwewe, na baadhi walikuwa nacho bado miaka 5 au zaidi baadaye. Wazazi wengi hawakujua, kwa kuwa mtoto akiona mama analia, humficha yake ili asimwongezee. Sisi tulilikumbuka jambo hilo tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu, na kuua watu 35. Wote walikuwa watoto isipokuwa walimu wawili na dereva. Watoto watatu waliopona walipelekwa Marekani kutibiwa mifupa. Lakini shuleni walibaki mamia ya watoto wengine ambao hawakuwa ndani ya basi, na kila asubuhi waliyaona madawati yale.

Kundi la pili ni waokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 walinusurika, na waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Taifa liliwasifu, na walistahili. Lakini mvuvi aliyevuta mtu mkono ukateleza, anarudi ziwa lilelile usiku uleule kutafuta riziki. Mume, kaka au mwana wa mmoja wetu anaweza kuwa ndiye huyo. Akianza kunywa kupita kiasi, au akikaa kimya, tusiseme tu kuwa amebadilika.

MILA ZETU ZINA NUSU YA DAWA

Tusizidharau mila zetu. Matanga ni kitu kikubwa. Mfiwa halali peke yake, hapiki, hachoti maji, watu wanakaa naye hata bila neno. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia tuliyoitaja hapo juu inafanana sana na matanga.

Lakini mila hizo zina upungufu wa aina mbili. Upungufu wa kwanza ni kwamba zinakwisha mapema. Siku ya tatu tanga linaondolewa, siku ya arobaini tunakula pilau au tunasoma misa, halafu kimya. Na kiwewe ndiyo kwanza kinatoa kichwa. Upungufu wa pili ni kwamba zinamhudumia mfiwa, hazimhudumii aliyenusurika. Huyu anaambiwa, "Shukuru Mungu wewe ni mzima," na mdomo wake unafungwa hapohapo. Atasemaje kuwa analala macho wazi, na mwenzake waliyekaa kiti kimoja yuko kaburini? Anaambiwa ajikaze. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hafichi. Ni sisi tunaomfichisha.

KIFUNGU CHETU KILIVYOZALIWA

Katika mwaka wa nne wa kikundi, mwenzetu mmoja anayeuza dagaa alipanda basi kwenda mnadani, na basi lile likapinduka. Watu walikufa. Yeye alitoka na mikwaruzo. Tulimpelekea pole ya fedha kutoka mfuko wa jamii kama katiba ilivyotaka, akatushukuru.

Miezi miwili ikapita. Akaanza kuchelewesha marejesho. Hakuwa mvivu, sote tulimjua. Mwishowe alisema mwenyewe mbele ya mkutano, akiangalia chini: "Kina mama, gari silipandi tena. Nikisikia breki, miguu inaisha. Dagaa wangu nampa mtu aniuzie, naye ananipa anachotaka."

Hapo ulizuka ubishi ambao wanachama wa zamani hawajausahau. Mweka hazina wetu, ambaye tunamheshimu kwa ukali wake wa fedha, alisimama akasema: "Mwenyekiti, hospitali inatoa risiti. Moyo hautoi risiti. Leo tukilipia hofu, kesho kila mtu atakuwa na hofu." Hoja yake ilikuwa ya kweli, maana fedha ile ni jasho la wote. Mama mmoja mtu mzima akamjibu taratibu: "Mwanangu, hata deni lake halina mguu. Asipopanda gari, sanduku litalipwa na nani?"

Tulijadili Jumamosi tatu. Mwisho tukakubaliana kwa kura. Marejesho yake yalisogezwa mbele miezi mitatu bila riba. Wanachama wawili walipewa kazi ya kufuatana naye. Hawakumdadisi habari za ajali. Wiki ya kwanza walikwenda naye kituo cha daladala, wakakaa benchi, wakatazama magari, wakarudi. Wiki iliyofuata walipanda daladala iliyosimama, wakateremka. Baadaye wakaenda kituo kimoja tu. Kisha viwili. Nauli ilitoka mfuko wa jamii, na mweka hazina mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiandika daftarini. Muuguzi wa kitengo cha afya ya akili tuliyemwendea kuomba ushauri alitwambia njia hiyo ni sahihi: hofu inapunguzwa kidogo kidogo, mtu akiwa na watu anaowaamini, na hatua inaongezwa pale tu ile ya mwanzo imezoeleka.

Ilichukua miezi saba. Leo anakwenda mnadani mwenyewe. Hasafiri usiku, na hukaa siti ya karibu na mlango, na mwezi ule wa ajali ukirudi huwa mkimya. Hatusemi amepona kabisa. Tunasema anaishi, anafanya biashara, na deni alilimaliza.

Kifungu kilipoandikwa katika katiba, ratiba yake ikawa hii: siku ya kwanza, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, mwezi wa sita, na siku ya kutimiza mwaka. Wanaokwenda ni wawili walewale kila mara, ili mwenzetu asianze upya na sura mpya. Mwezi wa kwanza wanaangalia zile dalili za kwenye mfuniko. Zikiwa bado kali, au kama mtu hali, hainuki kitandani, anakunywa kupita kiasi, au anasema heri angekufa, hatungoji ratiba. Tunampeleka siku hiyohiyo kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mkoa au Bugando, na tunakaa naye foleni mpaka aonwe. Kwa ugonjwa uliokomaa yapo matibabu ya mazungumzo yenye mpangilio, yanayochukua wiki kadhaa na yameonyesha kusaidia. Si kazi yetu kuyafanya. Kazi yetu ni kumfikisha na kumrudisha.

HATUKO PEKE YETU

Wapo wanaosema mambo ya akili ni ya wenye shahada, wanawake wa vikoba wayaache. Tunawajibu kwa heshima kwa mifano miwili.

Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Aliwafundisha kukaa benchini nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye mawazo mazito, na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokwenda kwa bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na baada ya benchi, wengi huingia katika vikundi vya kusuka mikoba na kuuza. Mazungumzo na kipato vinakwenda pamoja.

Karibu zaidi na sisi, huko Moshi na Bungoma, watu wa kawaida wasio wataalamu walifundishwa kuwasaidia watoto yatima kwa matibabu yale yenye mpangilio, wakisimamiwa na wenye ujuzi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020, yaliyohusu watoto 640, yalionyesha kuwa sehemu nyingi kati ya hizo watoto walipata nafuu kuliko wale wa huduma za kawaida.

Kwa hiyo ndugu zetu, mkiona katika taarifa ya fedha, ukurasa wa mwisho, kuna mstari umeandikwa "nauli za kufuatana," msidhani ni matembezi. Katika miaka hii tumewatembelea wenzetu sita. Wanne walikuwa wa ajali za barabarani, mmoja alipoteza mwana majini, na mmoja mumewe alikuwa mwokoaji. Wote sita bado ni wanachama. Kuhusu yule wa mwana aliyepotea majini, mwaka wake ulikwisha, naye akaomba tuendelee kwenda. Tunaendelea.

Tunawaomba wapenzi wetu mambo mawili. Ukimtembelea aliyenusurika, usimwambie ashukuru, muulize amekula nini. Na ukiondoka, mwambie siku utakayorudi, kisha urudi siku hiyo.

Haba na haba hujaza kibaba. Tulijifunza hivyo katika fedha, na katika moyo pia.

Mungu awarehemu waliotutangulia ziwani na barabarani, na awape nguvu waliobaki.